Dakika Themanini za Ugenini: Raga, Baa ya Kiayalandi na Umma Ulio Mbali na Kwao



Walionishauri nichague mada nzito kwa mhadhara wangu wa kwanza wa uprofesa watanisamehe. Nimekuja kuzungumzia baa, na mchezo ambao wengi wetu humu ukumbini hatujui sheria zake. Hata hivyo, swali langu ni kongwe katika sosholojia: watu walio mbali na kwao hugeukaje kuwa umma, badala ya kubaki wapita njia waliotoka nchi moja? Kwa kawaida tunajibu kwa kutaja mahali: kanisa, msikiti, ukumbi wa chama, mgahawa wenye chakula cha nyumbani. Hoja yangu jioni hii ni kwamba mahali hapatoshi. Umma wa ugenini huundwa na saa moja inayowapata wote kwa pamoja, na ushahidi wangu ni mechi ya raga inayorushwa mubashara katika baa ya Kiayalandi nje ya Ayalandi.

1. Kuta za kuagiza

Nianze na mahali penyewe, maana panadanganya. Ukiingia baa ya namna hii Dubai, Chicago au Tokyo utakuta mbao nyeusi, vioo vyenye maandishi ya dhahabu, chupa za kale zilizopangwa rafuni. Utadhani vimerithiwa. Nyingi kati ya baa hizi zilibuniwa Dublin kwa oda. Mel McNally, msanifu majengo aliyeanza kuzichunguza baa za Dublin akiwa mwanafunzi katika miaka ya 1970, alianzisha Irish Pub Company, na katika miaka ya 1990 kampuni hiyo ilishirikiana na Guinness kueneza baa hizo duniani. Mteja huchagua mtindo: nyumba ya shamba, duka la kale, kiwanda cha bia au enzi ya Victoria. Vifaa hupakiwa kwenye kontena, vikasafirishwa.

Kama kuta zingetosha, baa hizi zingekuwa na umma kila siku. Nenda Jumanne alasiri, utakuta watalii wawili na mhudumu anayefuta glasi. Rudi siku ya mechi ya mashindano ya raga ya Mataifa Sita, utakosa pa kusimama. Kuta ni zilezile.

2. Saa ya Paris

Tuchukue tarehe 14 Oktoba 2023. Ayalandi, iliyokuwa imeshinda mechi 17 mfululizo, ilikutana na New Zealand katika robo fainali ya Kombe la Dunia la raga. Mpira ulianza saa tatu usiku kwa saa za Paris. New York ilikuwa saa tisa alasiri, Dubai saa tano usiku, Sydney saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili. Mwayalandi wa Sydney aliyeamka gizani hakuwa akifuata ratiba ya bosi wake wala ya jua la Australia. Kwa dakika themanini aliishi kwa saa moja na nduguye aliyekuwa Cork.

Mwishoni Ayalandi ilikuwa nyuma, 28 kwa 24, na mpira ulikuwa mikononi mwake. Katika raga muda ukiisha mchezo hausimami mpaka mpira utoke au ufe. Wakasogea awamu baada ya awamu: mmoja anaangushwa, mwenzake anauokota, anaangushwa tena. Zilifika awamu 37, kwa zaidi ya dakika tano, mpaka Sam Whitelock wa New Zealand alipoupora mpira na mechi ikaisha. Ayalandi haijawahi kuvuka robo fainali ya Kombe la Dunia. Aliyesoma matokeo hayo kesho yake alipata habari. Aliyekuwapo mbele ya skrini alipata kumbukumbu anayoigawana na watu asiowajua majina.

3. Ukimya usio na faida

Kuna jambo dogo ambalo kwangu lina uzito kuliko takwimu. Katika uwanja wa Thomond Park, mjini Limerick, mchezaji anapojiandaa kupiga teke la kulenga milingoti, uwanja mzima hunyamaza, hata kama mpigaji ni wa timu pinzani. Ni heshima yao. Nimeona desturi hiyo ikifuatwa ndani ya baa ng'ambo ya bahari: mikono inashushwa, anayeagiza kinywaji anakatiza sentensi, mtoaji bia anaachia mfereji. Mpigaji yuko maelfu ya kilomita na hawasikii. Ukimya huo haumsaidii kitu, na kwa sababu hiyo unatufundisha: waliomo wanajiona wako uwanjani. Mechi iliyorekodiwa hainyamaziwi.

Wakati usiolingana nao unathibitisha hoja hii. Skrini moja ikipokea picha kwa setilaiti na nyingine kwa intaneti, hii ya pili huchelewa kwa sekunde kadhaa. Kona moja inalipuka kwa furaha wakati kona nyingine mpira bado uko katikati ya uwanja. Watu hukasirika sana, kwa kuwa umma umegawanyika mara mbili ndani ya chumba kimoja.

4. Kiu iliyotangulia baa

Kiu hii ya kutazama pamoja ilikuwapo kabla ya kontena kupakiwa. Juni 1990, Ayalandi ilipocheza na Uholanzi katika Kombe la Dunia la soka, Waayalandi wa London hawakuwa na pa kuitazama. Vijana wawili, Michael O'Rourke na Leonard Ryan, walikodi ukumbi wa dansi Ealing, wakapata matangazo, wakatoza kiingilio. Mkazi wa Dar es Salaam anayekijua kibanda umiza, kile cha kutazamia mechi kwa kiingilio, hahitaji maelezo zaidi. Kutokana na usiku huo ilizaliwa Setanta, iliyokua ikawa kampuni kubwa ya televisheni za michezo kabla ya kuanguka Uingereza mwaka 2009.

5. Timu moja, kisiwa kilichogawanywa

Raga inaongeza jambo ambalo soka haina. Chama cha raga cha Ayalandi, kilichoungana mwaka 1879, hakikugawanyika kisiwa kilipogawanywa. Jamhuri na Ayalandi Kaskazini zina timu moja. Mwaka 1995 Phil Coulter alitunga "Ireland's Call" ili wote wawe na wimbo wa kusimamia. Mechi ikiwa Dublin, wimbo huo huimbwa pamoja na wimbo wa Jamhuri. Ugenini huimbwa peke yake. Kwa hiyo baani, mtu wa Belfast na mtu wa Cork, ambao nyumbani bendera zingeweza kuwatenga, husimama kwa wimbo mmoja.

Sitaipamba hali hii. Umma huu una bei ya bia, na asiyekunywa huona kama amealikwa nusu. Filimbi ya mwisho ikilia, wengi hutawanyika bila kupeana namba za simu. Lakini umma wa muda mfupi ni umma, na hurudi ratiba inaporudi.

Nasema hivi pia kwa vyama vyetu vya ughaibuni, vinavyochangisha kwa miaka kununua ukumbi kisha vikalalamika kwamba haujai. Wenye kutaka kuwakusanya watu wao walio mbali waulizane kwanza ni jambo gani, saa ngapi, litakalowafanya wote wasitake kulikosa. Jengo litafuata.