TAIWAN: UZALENDO WA NCHI IPI?



Tumeulizwa mara nyingi: je, Taiwan ni nchi au si nchi? Wenyewe hawajalimaliza swali hilo, nalo ndilo linalovigawa vyama vyao kuliko jambo jingine lo lote.

Kuomintang, chama cha Bwana Chiang Kai-shek, kilikimbilia kisiwani mwaka 1949 baada ya kushindwa vita na Wakomunisti. Kilikuja na jina, Jamhuri ya China, kikidai kuwa ndicho serikali ya China nzima. Kikatawala kwa sheria ya kijeshi miaka 38, hata 1987. Aliyedai uhuru wa Taiwan alitiwa gerezani. Tazameni ajabu: chama kijiitacho cha wazalendo, na wazalendo wa kisiwa wamo kifungoni! Mwaka 1971 kiti cha China katika Umoja wa Mataifa kilipewa Beijing. Tanzania nayo iliunga mkono.

Sheria ile ingalipo, na vyama vipya vimekatazwa, wapinzani waliunda chama cha Demokrasia na Maendeleo, DPP, tarehe 28 Septemba, 1986. Mwaka 1991 walitia katika katiba ya chama shabaha ya Jamhuri ya Taiwan, iamuliwe kwa kura ya watu wote. Mwaka 1999 wakapitisha azimio jingine: Taiwan inajitawala tayari, jina lake kikatiba ni Jamhuri ya China, na badiliko lo lote ni la wananchi kuamua kwa kura. Mwaka uliofuata Bwana Chen Shui-bian wa DPP akashinda urais. Wako watakaouita huo woga. Sisi hatukubali. Beijing haikuacha kutishia, na mwaka 2005 ilitunga sheria inayoruhusu nguvu kutumika. Kiongozi hachezi na roho za watu.

Kuomintang ya leo haisemi tena habari ya kuiteka bara. Yasema China ni moja, kila upande uieleze kwa maana yake, biashara iendelee. DPP hujibu kuwa kukubali hayo ni kuinama kabla ya kuketi mezani.

Mwaka 2024 Bwana Lai Ching-te wa DPP alipata urais kwa kura 40 katika kila 100, lakini katika viti 113 vya Bunge chama chake kilipata 51, Kuomintang 52. Kubadili katiba kwataka robo tatu ya wabunge wanaohudhuria, kisha zaidi ya nusu ya wote walioandikishwa kupiga kura. Basi wamebadili paspoti: tangu 2021 neno Taiwan kwa Kiingereza limeandikwa kwa herufi kubwa, na Jamhuri ya China kwa herufi ndogo sana, kuizunguka nembo.