Badilisha Umbali, Usiache Njia

Kipindi cha afya: mazungumzo ya asubuhi

(Muziki wa kuanzia, sekunde kumi, kisha unashuka taratibu)

  

Leo nina maneno na mtu mmoja. Ni yule aliyewahi kuanza kutunza mwili wake, akapunguza chumvi, akaanza mazoezi, halafu akaacha. Sasa anaona haya kuanza tena, kwa sababu majirani watacheka na kusema, "Huyo naye, tutamwona mwisho wa wiki." Mtu huyo namjua vizuri. Ni mimi, na mama yangu pia.

Mimi nilizaliwa Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura. Aliyewahi kuishi kule anajua asubuhi ya Jumapili ilivyokuwa. Kabla jua halijachomoza unasikia miguu. Watu hamsini, watu mia, wanakimbia kwa safu, wanapiga makofi, mmoja anaimba na wengine wanaitikia. Siyo Kamenge peke yake. Kinama, Cibitoke, Ngagara, kila mtaa ulikuwa na makundi yake. Sisi watoto tulikuwa tunakimbia nyuma yao pekupeku mpaka tunachoka.

Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli, na tumbo lake halikuwa dogo. Kundi lilipofika kwenye mlima, yeye ndiye alikuwa wa mwisho kila wiki. Lakini kundi lao lilikuwa na sheria moja: hakuna anayeachwa mlimani. Waliotangulia wanageuka, wanashuka, wanamzunguka aliyebaki, wanapanda naye tena kwa mwendo wake.

Mwezi wa tatu mwaka 2014 mambo yalibadilika. Baada ya ghasia mjini, serikali ilizuia makundi kukimbia ovyo barabarani, ikasema siporo ya pamoja ifanyike kwenye viwanja vilivyotajwa tu. Sizungumzi siasa hapa. Nazungumzia kilichotokea kwenye kundi la baba. Wengi waliacha siku hiyo hiyo. Walisema, bila barabara na bila mlima, siporo gani hiyo? Walibaki watu saba wakawa wanazunguka kiwanja. Baba alisema kuzunguka kiwanja ni kama kuwa ng'ombe aliyefungwa kamba. Lakini Jumapili ikifika, anaenda.

Mwaka uliofuata, 2015, tulikimbia mbio nyingine kabisa, na nyinyi mnazijua. Tukafika hapa Tanzania, mkoa wa Kigoma.

(Muziki mfupi)

Hapa kambini nimeanza mazoezi mara tatu na kuacha mara tatu. Acha niwaambie yote matatu bila kuficha.

Mara ya kwanza tulikuwa vijana kumi na wawili. Tuliamka saa kumi na moja alfajiri, tukakimbia na kuimba kama kule nyumbani. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza, barabara ikawa tope, tukasema tutasubiri zikatike. Zilikatika. Hatukurudi.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 2023. Mnakumbuka mwaka ule. Fedha za wafadhili zilipungua, na kufikia mwezi wa sita mgao wa chakula ulishuka hadi nusu ya kiwango kamili. Tulikuwa tunakimbia na njaa. Siku moja mwenzetu aliona giza, akakaa chini katikati ya njia. Tukaacha. Nataka niseme wazi: kuacha kule kulikuwa sahihi. Mwili usio na chakula cha kutosha hauhitaji mbio ndefu. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba kama hatuwezi kukimbia saa nzima, basi hakuna tunachoweza.

Mara ya tatu niliteguka kifundo cha mguu. Nilipumzika wiki sita. Mguu ukapona, mimi nikabaki nimelala.

Wakati huo huo mama alipimwa akakutwa na presyo. Muuguzi alimwambia mambo matatu: anywe dawa kila siku, apunguze chumvi, atembee. Mwezi wa kwanza alifuata yote. Mwezi wa pili akarudisha chumvi. Alisema, "Mwanangu, maharage bila chumvi ni adhabu juu ya adhabu." Kwa kuwa ameshindwa chumvi, akaona hata kutembea hakuna maana. Namshukuru Mungu dawa hakuziacha.

Jioni moja nikalalamika mbele ya baba kwamba siwezi tena siporo. Akaniangalia, akasema, "Wewe unataka Jumapili ya Kamenge. Hapa siyo Kamenge. Tafuta siporo ya hapa."

Nilikasirika kidogo. Baadaye nikakumbuka kile kiwanja na wale watu saba.

(Muziki mfupi)

Ndugu msikilizaji, kuna dada mmoja Mrundi ambaye wengi mnamjua: Francine Niyonsaba. Mwaka 2016 kule Rio alipata medali ya fedha ya Olimpiki katika mita 800. Huo ndio ulikuwa umbali wake. Mwaka 2019 zikaja sheria mpya za riadha kuhusu homoni. Asingeruhusiwa tena kushindana katika mita 800 mpaka atumie dawa za kupunguza homoni ambazo mwili wake unazitengeneza wenyewe. Mlango wake ulifungwa, na hakuwa amekosa lolote.

Hakuacha kukimbia. Alibadilisha umbali. Akaanza mita 5,000 na mita 10,000, mbio ambazo mtu wa mita 800 huziogopa. Mwaka 2021 akaenda Olimpiki ya Tokyo. Katika mchujo wa mita 5,000 alimaliza vizuri, lakini akaondolewa kwa kosa la kukanyaga nje ya mstari. Siku chache baadaye alirudi uwanjani kwa mita 10,000, akawa wa tano duniani. Mwezi wa tisa mwaka huo huo, mjini Zagreb, alikimbia mita 2,000 kwa dakika 5 na sekunde 21 na nukta 56, ikawa rekodi ya dunia wakati ule.

Sisi siyo Niyonsaba, na hakuna medali inayotusubiri hapa. Lakini jambo alilofanya tunaliweza. Umbali uliozoea ukifungwa, badilisha umbali, usiache njia.

Kwetu nyumbani tulibadilisha hivi. Mimi na mama hatukimbii. Tunatembea kutoka mlangoni mpaka mwisho wa zoni, tunarudi. Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni. Wiki ya kwanza ilikuwa hivyo tu. Sasa tunafika dakika kumi na tano kila safari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Ni nusu saa kwa siku tano, na unaruhusiwa kuigawa vipande vipande. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuongea, lakini kuimba kunakushinda.

Hapa nina neno kwa akina baba na vijana wenzangu. Mama anayebeba ndoo za maji, anayetafuta kuni na kulima nyuma ya nyumba, tayari amefanya mazoezi ya siku yake. Huyo anahitaji kupumzika na kula. Anayehitaji mazoezi ni yule anayekaa kwenye kigoda tangu saa mbili mpaka saa saba akisubiri chakula kiive. Kaka, mazoezi yako ni ile ndoo. Ibebe.

(Muziki mfupi)

Sasa tuje kwenye chakula. Nikikuambia ule matunda na samaki kila siku, utazima redio, na utakuwa na haki. Mgao siyo kosa lako. Njaa ya kambini siyo uvivu wala tabia mbaya. Ninachosema ni yale machache yaliyo mikononi mwetu.

La kwanza ni chumvi. Chumvi ya mgao ina madini joto, ambayo mwili unayahitaji, na mtoto aliye tumboni anayahitaji zaidi. Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, na uitie mwishoni chakula kinapokaribia kuiva. Kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, chakula chote kikihesabiwa. Vile vidonge vya kuungia mchuzi navyo ni chumvi, vihesabu. Mama yangu aliposhindwa kuacha kwa mara moja, tulipunguza robo tu. Wiki mbili baadaye tukapunguza robo nyingine. Akaweka kitunguu na ndimu, ulimi ukazoea. Safari hii hajalalamika, isipokuwa Jumapili.

La pili ni maharage na mafuta. Najua tunauza sehemu ya mgao. Sabuni haigawiwi kila mara, na daftari la mtoto halijinunui. Sitamhukumu mtu. Ninachoomba ni hiki: ukilazimika kuuza, maharage na mafuta yawe ya mwisho kutoka nyumbani. Unga unashibisha, lakini maharage ndiyo yanayojenga mwili, na mafuta ya mgao yameongezwa vitamini A. Loweka maharage usiku kucha na umwage yale maji. Yataiva haraka, na kuni zitabaki.

La tatu ni majani. Lengalenga, matembele, sombe, majani ya maboga. Gunia moja kuukuu, likijazwa udongo na samadi, likitobolewa matundu pembeni, linaotesha lengalenga nje ya mlango. Maji uliyooshea mboga yanatosha kulimwagilia. Sombe itwangwe na kuchemshwa vizuri kwa muda mrefu, maana mbichi ina sumu. Na ukila majani au maharage, weka nyanya au ndimu, kisha chai uiache mpaka saa moja ipite. Chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma, na wajawazito wetu wengi wanayahitaji.

(Muziki mfupi)

Kabla sijamaliza, tahadhari. Kama una presyo, sukari, ugonjwa wa moyo, kama umejifungua hivi karibuni au umepungua uzito sana, ongea na muuguzi kabla ya kuongeza mazoezi. Usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Dawa ndizo zinazokufanya ujisikie vizuri. Ukiona giza, ukipata maumivu ya kifua au pumzi ikikata, simama, kaa chini, omba msaada. Siku ambayo hujala, usifanye mazoezi. Siku hiyo haiitwi kushindwa. Inaitwa siku ya kupumzika.

Na kwako wewe uliyeacha: ukirudi, usirudi pale ulipoishia. Rudi kwenye nusu yake. Ulikuwa unatembea nusu saa? Anza na robo saa. Mwili uliokaa hupoteza nguvu, lakini nguvu hizo hurudi ukiuendea taratibu. Wengi huacha mara ya pili kwa sababu siku ya kwanza walitaka kulipa deni la miezi yote waliyolala.

Halafu tafuta mtu mmoja. Hakuna haja ya watu mia. Mmoja anayeweza kukugongea mlango, na wewe ukamgongea siku yake ikiwa mbaya. Mkubaliane kabisa: mvua ikinyesha tutafanya nini? Mgao ukichelewa tutafanya nini? Mmoja akiugua, mwingine afanye nini? Jibu linaweza kuwa dogo, kama kunyoosha viungo dakika tano ndani ya nyumba. Liwepo tu, ili siku mbaya isiwe siku ya mwisho.

Mwezi uliopita mama alipata malaria, tukakaa wiki mbili bila kutembea. Alipopata nafuu nilidhani mambo yameisha tena. Asubuhi moja nikasikia anatafuta kandambili zake mlangoni. Baba alikuwa ameshasimama nje. Hatukufika mwisho wa zoni. Tulifika kwenye bomba la maji, mama akasema, "Leo inatosha," tukageuka pamoja, watu watatu, tukarudi kwa mwendo wake.

Kazi ya wiki hii, ndugu msikilizaji: chagua kitu kimoja ulichowahi kuanza ukaacha. Kikate nusu. Mwambie jirani mmoja. Anza kesho.

Kipindi kijacho tutamkaribisha mhudumu wa afya ya jamii atujibu maswali yenu kuhusu presyo na sukari. Andikeni maswali kwenye karatasi, mtumbukize kwenye sanduku letu la maoni. Asiyejua kuandika amwambie kijana wake amwandikie.

Mimi ni mtangazaji wenu, mtoto wa Kamenge. Tuonane njiani. Mwirirwe.

(Muziki wa kufungia unapanda)