Nomino "Shenzi" katika Kiingereza: Maana, Matumizi na Tatizo la Kuirudisha katika Kiswahili

Katika maandishi ya Kiingereza ya walowezi, maofisa na wawindaji waliokaa Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni, hujitokeza mara chache nomino "shenzi". Nje ya eneo hili neno hilo halikuota mizizi, na hata hapa lilikuwa neno la mazungumzo kuliko la nyaraka rasmi. Linawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu limetoka katika lugha yao, na kwa sababu mfasiri anayelikuta hudhani kwamba amefika nyumbani, kumbe bado yu ugenini.

Jambo la kwanza ni umbo. Katika Kiswahili "-shenzi" ni shina, nalo huvishwa viambishi: mshenzi, washenzi, ushenzi, kishenzi. Likitamkwa tupu, huwa tusi la kumtupia mtu usoni. Si jina la kumtaja. Kiingereza kililichukua hilo hilo tupu, kikalifanya jina, na wingi wake kikaupata kwa kuongeza "s" mwishoni. Kisha kikaliweka mbele ya majina mengine: mbwa asiye na nasaba akawa "mbwa shenzi", na kitu chochote kibovu kikaweza kupewa sifa hiyo. Kuanguka kwa kiambishi hakukuwa ajali. Katika Kiswahili cha mashambani mwa walowezi upatanisho wa kisarufi ulihesabiwa kuwa mzigo. Kitabu cha mazoezi cha F. H. Le Breton cha mwaka 1936, kilichokusudiwa askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao, ni ushahidi wa kutosha kwamba Kiswahili kilichopunguzwa kilifundishwa kwa makusudi.

Upande wa Kongo mambo yalikwenda kinyume. Huko neno lilipokewa pamoja na kiambishi chake cha wingi, "basenji", na katika kinywa cha Mbelgiji likawa jina la watu wa vijijini. Jamii ya mbwa wa Kongo wasiobweka, ambao walianza kuzalishwa Uingereza katika miaka ya 1930, ilipewa jina hilo hilo, na Kiingereza kikaongeza "s" juu ya wingi uliokwisha kuwapo. Hivyo mtu anayefuga mbwa wawili wa aina hiyo London hutaja wingi mara mbili, na hajui kwamba anawaita mbwa wake washenzi.

Maana ndiyo yenye uzito zaidi. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, alilisikia neno "washenzi" na kuliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860. Alilikuta likiwa nusu ya jozi. Nusu ya pili ilikuwa "waungwana". Isidhaniwe kwamba jozi hiyo ilikuwa ya upole. Ilitumika katika jamii iliyomiliki watumwa, na wengi walioitwa washenzi ndio waliokamatwa na kuuzwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa haikufutwa Unguja hadi mwaka 1897. Hata hivyo, mpaka kati ya nusu hizo mbili uliweza kuvukwa. Kanzu, dini, lugha, nyumba ya mjini na ndoa vilimsogeza mtu polepole, naye asipofika yeye, watoto wake walifika. Mfano ulio wazi ni wa Manyema, katika zama za Tippu Tip: watu wa bara waliojiunga na misafara walijiita waungwana, na lugha yao ikaja kuitwa Kingwana. Walioitwa washenzi na baba zao wa misafara walikuwa na washenzi wao wenyewe baada ya kizazi kimoja. (Jambo hili si la kujivunia, lakini ndivyo ilivyokuwa.)

Kiingereza kilikopa nusu moja tu. "Mwungwana" hakukopwa, kwa kuwa nafasi yake katika fikra za mlowezi ilikuwa imekwisha kukaliwa na mlowezi mwenyewe. Kwa hiyo "shenzi" ya Kiingereza haina mlango wa kutokea. Mzee wa Lamu mwenye nasaba na elimu, ambaye katika lugha yake angekuwa wa mwisho kuitwa mshenzi, aliweza kuangukia humo kwa rangi yake tu.

Wakati huo huo, Kiswahili chenyewe hakikusimama. Leo mshenzi ni mtu asiye na adabu. Waziri aweza kuwa mshenzi, profesa vilevile, na Mzungu pia. Neno limehama kutoka asili ya mtu hadi mwenendo wake, ilhali nomino ya Kiingereza imebaki imeganda pale walowezi walipoiacha. Hata filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, iliyompa fisi jina la Shenzi, ililichukua neno kwa mlio na ubaya wake, bila historia yake.

Hapo ndipo mfasiri anapokwama. Akiandika "mshenzi" mahali ambapo mlowezi aliandika "shenzi", msomaji wa leo ataelewa kwamba mtumishi aliyetajwa alikuwa mkosefu wa adabu, na dharau ya mlowezi itageuka kuwa kosa la mtumishi. Akiandika "mwenyeji", atakuwa ameiosha dharau hiyo. Lililo afadhali ni kuliacha neno tupu, "shenzi mmoja", ili pengo la kiambishi lionekane. Ugumu unabaki katika wingi. "Washenzi" hurudisha kiambishi cha watu ambacho mlowezi alikiondoa. "Mashenzi" huwatia watu katika ngeli ya vitu na ukuzi, na sikio la Mswahili hukwaruzwa. Kwa kazi hii, mkwaruzo huo ndio unaotakiwa.