Gubu Halina Kitenzi



Kiswahili hakijapungukiwa na maneno ya kumtajia mtu asiyekalika naye. Tuna mgomvi, mchokozi, mshari, mkorofi, mwenye kisirani. Jioni hii nimelichagua neno fupi kuliko yote hayo, gubu, kwa sababu naamini tumelieleza nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoumiza watu.

Tuanze na mgomvi, maana pasipo yeye gubu halionekani vizuri. Neno hili limetokana na kitenzi gomba. B yake imegeuka v mbele ya i ya mtendaji, kama iba ilivyozaa mwivi. Ukoo wa kitenzi hicho ni mkubwa: gombana, gombeza, gombanisha, gombea. Hilo la mwisho limekwisha kutakasika kabisa, hata mgombea ubunge hulibeba jina lake kwa fahari. Gombana nalo lina -an- ya kutendana, kwa hiyo hapana budi wawepo wawili. Ndiyo maana wahenga waliupa ugomvi mwanzo na mwisho: wagombanao ndio wapatanao, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Ugomvi ni tukio. Una siku yake na chanzo chake, na wazee wanaweza kuuitia kikao.

Gubu halina kitenzi. Hatusemi mtu amegubu, wala majirani wamegubiana. Tunasema ana gubu, kama tusemavyo ana pumu. Sarufi yenyewe imemwondoa mtu wa pili: anayelalamikiwa hatajwi, na kilicholeta malalamiko hakiulizwi. Mchokozi huanza, mshari hutafuta pa kuanzia. Mwenye gubu sifa yake ni kutoachilia. Chumvi iliyozidi juzi ilisemwa jana, inasemwa leo, na kesho itasemwa tena kwa kisingizio cha sufuria iliyoungua.

Sasa tuwasikilize wasemaji. Nani hasa huambiwa ana gubu? Mama mkwe, wifi, mke, bibi mzee asiyetoka. Mume anayerudi jioni na kufoka kila siku kwa sababu ya chakula huitwa mkali, na mkali ni neno tunalomsifia mwalimu na mshambuliaji wa mpira. Sisemi kwamba mwanamume haambiwi ana gubu. Huambiwa, hasa akishastaafu na kushinda nyumbani, na hapo ndipo siri ya neno inapojitokeza: humwangukia yule ambaye amri yake imekwisha, au haikuwapo tangu mwanzo. Mwenye uwezo wa kuamuru hana haja ya kunung'unika.

Tazameni pia nafsi. "Mimi ni mkali" husemwa kwa majivuno. Hata "mimi mgomvi" husemwa kwa kutisha. "Mimi nina gubu" ni nadra mno. Gubu huwa la mwingine.

Tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilipotoka mwaka 1981 hadi Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015, watunga kamusi wetu wamefanya kazi ya kuheshimiwa, nami nimeishi kwa kuila. Lakini kulifasili gubu kuwa tabia ya ugomvi au manung'uniko hakutoshi. Kamusi humwarifu msomaji kwamba neno fulani ni la kale au la kishairi. Imwarifu pia kwamba hili ni hukumu ya msemaji, na kwamba hutolewa zaidi juu ya wanawake.

Jambo hili halikomei kwenye rafu za maktaba. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nchini Tanzania, kwa kawaida shauri la talaka hupitia kwanza kwenye baraza la usuluhishi. Mume akisimama pale na kusema "mke wangu ana gubu", ameshatoa hukumu kabla ya maelezo, tena kwa neno lisilomtaja yeye mwenyewe. Mjumbe anayeijua lugha yake hataandika gubu akafunga daftari. Atamgeukia mke na kumuuliza analalamikia nini, tangu lini, na ni nani aliyekuwa akimsikiliza.