Daftari la Mvua

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wetu wa zamani mbele ya mkutano wa mwaka wa chama. Tunaichapa kama ilivyosomwa.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wapenzi, ndugu wanafunzi wa zamani, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma mkiomba hotuba iwe fupi ili pilau isipoe:

Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya manufaa ya utafiti wa sayansi. Nilipokaa kuandika niliona mada hiyo ni pana kama ziwa, na mimi mtumbwi wangu ni mdogo. Kwa hiyo nitasema jambo moja tu lililomo ndani yake, jambo ambalo nilijifunza hapa hapa shuleni, tena kwa kulikosea. Jambo lenyewe ni hili: mtafiti ni mtu anayeandika alichokiona. Haandiki alichotazamia kukiona, wala kile anachodhani wakubwa wake watakikubali. Nitatoa mifano mitatu, wa jua, wa ugonjwa na wa shamba, kisha nitaungama kosa langu mbele yenu.

Wenzangu wa miaka ile mtakumbuka Jumamosi ya tarehe 16 Februari, 1980. Siku hiyo jua lilipatwa, na kivuli chake kamili kilipita Tanzania na kusini mwa Kenya kikaelekea Bahari ya Hindi. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Hapa kwetu jua halikufunikwa lote. Mwalimu wetu wa fizikia alitukataza kabisa kulitazama kwa macho, maana jua huunguza jicho bila mtu kusikia maumivu. Akatupeleka chini ya ule mwembe ulio karibu na bwalo. Tukatazama chini, na pale vumbini, vile viduara vya mwanga vinavyopenya kati ya majani vilikuwa vimegeuka miezi michanga, mamia kwa mamia. Hata wale waliokuja kwa mzaha walinyamaza.

Jioni ile mwalimu alitusimulia habari ya mstari wa kijani. Tarehe 7 Agosti, 1869, jua lilipatwa huko Marekani. Wataalamu wawili, Charles Young na William Harkness, walipitisha mwanga wa taji la jua, yaani ile hewa nyembamba inayong'aa kulizunguka jua, katika chombo cha kuchambua rangi. Wakaona mstari mmoja wa kijani. Nanyi mnajua kwamba kila elementi ikipata joto la kutosha hutoa mistari yake yenyewe, kama kila mtu alivyo na alama zake za vidole. Mstari huu ulipimwa na kupimwa tena, lakini haukupata mwenyewe. Baadhi ya wataalamu walisema ni elementi mpya isiyopatikana duniani, wakaipa jina la koroniamu. Lakini jedwali la elementi lilizidi kujaa, na koroniamu ikakosa mahali pa kukaa.

Ilipita miaka 70. Mwaka 1939 Walter Grotrian wa Ujerumani, na mara baada yake Bengt Edlén wa Sweden, walionyesha kwamba yule mgeni hakuwa mgeni hata kidogo. Alikuwa chuma, chuma hiki hiki cha jembe na sufuria, ila kimenyang'anywa elektroni 13 kati ya 26 zake. Chuma hakiwezi kunyang'anywa kiasi hicho ila katika joto la zaidi ya nyuzi milioni moja. Hapo ndipo ajabu ilipozidi, kwa maana uso wa jua wenyewe una joto la kama nyuzi 5,500 tu. Ni kama mtu aondoke jikoni, na kila anapokwenda mbali na mafiga moto uzidi kumchoma. Sababu yake inachunguzwa mpaka leo. Chombo cha Marekani kiitwacho Parker Solar Probe, kilichorushwa mwaka 2018, kiliingia ndani ya taji hilo mwaka 2021, na tarehe 24 Desemba, 2024 kilipita kilomita kama milioni 6 tu kutoka usoni pa jua. Safari yote hiyo ilianza na mstari mmoja usiolingana na kitabu. Kama wale wa 1869 wangesema ni doa la kioo wakaufuta, nani angeuliza swali?

Nateremka sasa kutoka juani mpaka hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto mmoja mwenye uvimbe katika taya, juu na chini, kushoto na kulia. Hakuwahi kuona uvimbe wa namna hiyo pande zote kwa wakati mmoja. Muda si mrefu akawa katika hospitali ya Jinja. Akatupa jicho dirishani, akaona mtoto mwingine amekaa nje na mama yake, ana taya zile zile. Nasema akatupa jicho, na si mfano wa maneno, kwa sababu Burkitt alikuwa na jicho moja tu, jingine alilipoteza utotoni. Wenye macho mawili walikuwa wamewaona watoto wa namna hii kabla yake, lakini kila mmoja aliandikwa peke yake, akahesabiwa peke yake.

Burkitt alirudi Mulago akafungua majalada ya zamani, akayapanga pamoja. Mwaka 1958 akaandika makala. Kisha akauliza swali ambalo hata mtoto wa darasa la tano angeweza kuliuliza: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo? Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu, wakaenda maili kama 10,000 kutoka Kampala mpaka Afrika ya Kusini na kurudi, wakipita hospitali baada ya hospitali na kuonyesha picha: Je, mmewahi kumwona mtoto wa hivi? Walipokamilisha ramani yao waliona kwamba ugonjwa unapenda nchi za joto na mvua, na unazikimbia nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilifanana sana na ramani ya malaria.

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na kati ya wasikilizaji alikuwamo mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Yeye akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege. Kwa muda mrefu hakupata kitu. Kifurushi kimoja kilicheleweshwa na ukungu, na kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angesema yameoza, akayamwaga. Epstein akayaweka kwanza chini ya hadubini. Uchafu ule ulikuwa seli hai za uvimbe zinazoelea. Katika seli zilizokuzwa kutokana na uvimbe huo, yeye na wenzake Achong na Barr walitangaza mwaka 1964 kwamba wameona virusi vipya. Hivyo ndivyo virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na kansa ya binadamu. Leo tunajua kwamba watu wazima karibu wote duniani wanavyo bila kudhurika, na kwamba malaria ya mara kwa mara ndiyo huvifungulia mlango mwilini mwa mtoto. Tena Burkitt na wenzake waligundua kuwa uvimbe huo huyeyuka kwa dawa, na kwamba baadhi ya watoto hupona kabisa. Nasisitiza, vijana: mtoto mwenye uvimbe apelekwe hospitali mapema, asingojee.

Mfano wa tatu ni wa kazi yangu mwenyewe, kwa kuwa mimi nimekula chumvi nyingi katika mashamba ya muhogo. Ugonjwa wa batobato, ule unaokunja majani ya muhogo na kuyatia mabaka ya manjano, uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, na mahali ulipoonekana ni huku kwetu Usambara. Katika miaka ya 1930, kituo cha Amani, mkoani Tanga, kilikuwa na mtafiti aitwaye Storey. Yeye na wenzake walitafuta muhogo unaostahimili. Walipokosa wa kutosha, wakauchanganya muhogo na jamaa zake wa porini, mmojawapo ule mti wa mpira ambao Wajerumani walikuwa wameupanda. Watoto wa ndoa hiyo walistahimili ugonjwa, lakini mizizi yao haikufaa. Basi wakaozeshwa tena na muhogo, na tena, na tena. Kazi hiyo ilichukua miaka kama 20, na kila mche uliandikwa ni mtoto wa nani.

Mwaka 1957 kazi hiyo ilifungwa. Mtu angeweza kusema imekufa. Lakini mbegu za kizazi cha Amani zilikuwa zimekwisha pelekwa Nigeria, na katika miaka ya 1970 wataalamu wa Ibadan wakazitumia kuzalisha aina mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilizuka Uganda, ikapita wilaya baada ya wilaya, hata watu wakaacha kulima muhogo na njaa ikaingia. Moja ya aina zilizowaokoa wakulima waliiita Migyera. Hiyo ni mjukuu wa Amani, aliyerudi Afrika Mashariki kwa njia ya Ibadan. Storey na wenzake hawakujua kwamba wanailimia Uganda. Walichojua ni kuandika mche huu ni wa nani na umefanya nini. Wala vita havikuisha: ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao Storey huyo huyo aliuandika mwaka 1936, umeenea mpaka maeneo ya ziwa katika karne hii, na aina nyingi zilizoshinda batobato zimeshindwa nao. Kazi bado ipo, na wafanyakazi wake wengine wamekaa katika madawati ya shule hii.

Sasa naungama.

Mwaka 1981, nikiwa kidato cha tatu, nilikabidhiwa kipima mvua kilichokuwa nyuma ya ofisi. Kila siku saa tatu asubuhi nilitakiwa kumimina maji katika chupa ya kupimia, nisome milimita, niandike daftarini. Nakala ilipelekwa serikalini kila mwezi. Asubuhi moja ya masika, baada ya usiku ambao hakuna aliyelala kwa kelele za mabati, nilikuta kipima kimejaa mpaka kopo la nje. Nilijaza chupa nikamwaga, nikajaza nikamwaga, mpaka nikapoteza hesabu. Nikaogopa. Namba kubwa kabisa katika ukurasa ule haikuzidi 30. Nikajisemea, nikiandika mia na kitu mwalimu atadhani tumetia maji kwa utundu, na nitachapwa. Nikaandika 31. Mwalimu akaweka sahihi, nikapongezwa kwa mwandiko mzuri.

Miaka 15 ikapita. Nilikuwa nikichunguza kwa nini muhogo wa bonde lile chini ya shule huoza miaka fulani, nikawa nazunguka kuwauliza wazee. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, muhogo wetu uliozea ardhini mwaka ule mto ulipochukua daraja la magogo." Nikaenda kutafuta mvua ya mwaka huo katika majalada. Nikaikuta, nikarudi kwa mzee nikamwambia kwamba usiku ule mvua ilikuwa milimita 31 tu, mvua ya kawaida. Akanitazama kwa huruma. "Basi hiyo karatasi yenu," akasema, "usiku ule ilikuwa imelala."

Nilipoitazama tena ile nakala niliona herufi saba yenye mkato katikati, jinsi ninavyoiandika mimi mpaka leo. Karatasi ilikuwa yangu. Sikuweza kuisahihisha, kwa sababu kumbukumbu ya kijana mwenye hofu si kipimo. Nikaufuta mwaka mzima wa 1981 katika utafiti wangu, maana kama namba moja ni ya uongo, nani atanihakikishia nyingine? Yule mzee, asiyejua kusoma, alikuwa ameitunza mvua ile vizuri kuliko mimi niliyekuwa na chupa mkononi.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo tofauti kati yangu na Young, na Burkitt, na Epstein, na Storey. Vyombo vyao havikuwa vya ajabu sana, na Burkitt alikuwa na gari kuukuu na picha tu. Walipokutana na kitu kisicholingana na ukurasa, wao walikiandika. Mimi nilikilinganisha.

Mwalimu Mkuu, asubuhi hii nilipita nyuma ya ofisi. Nguzo ya kipima ipo, kipima hakipo. Nimeleta kingine, kipo pale mezani karibu na keki, pamoja na madaftari kumi. Nawaomba wenzangu wa chama tusiishie kupaka rangi bweni. Tuchangie pia maabara, na kila mwaka mmoja wetu aje alikague daftari hili pamoja na vijana. Na wewe kijana utakayekabidhiwa, nakuomba neno moja. Siku ukikuta namba ambayo hakuna atakayeiamini, pima mara ya pili, mwite mwenzako apime mara ya tatu, kisha iandike kama ilivyo. Ukishindwa kupima kwa sababu ulilala, andika kwamba ulilala. Na nawaomba walimu wasimchape kwa hilo.

Pilau naona bado inafuka moshi.