Mfuko wa Shule Katika Miaka Kumi ya Chama Chetu

(Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Bodi imetupa dakika chache tuseme juu ya jambo ambalo katika taarifa ya hesabu limeandikwa kwa mstari mmoja tu: “Mfuko wa Shule.” Mstari wenyewe ni mfupi, na fedha zake ni haba zikilinganishwa na gharama za magunia, salfa na ghala, walakini katika mikutano ya vyama vya msingi ya mwaka huu hapana mstari uliotuletea maneno mengi kuliko huo. Wako waliotaka ufutwe. Na kwa kuwa jioni ya leo mtaombwa kupiga kura ya kuuendeleza ama kuufunga, tumeona ni haki yenu kuelezwa habari zake zote, hata zile tusizojivunia.

Mzee wetu mmoja wa upande wa mtoni alisimama katika mkutano wa chama chake akauliza hivi: “Serikali imekwisha kusema kwamba elimu ni bure. Mbona korosho yangu inalipishwa tena?” Watu walimpigia makofi, nasi tuliokuwa mezani tukatazamana.

Swali hilo si la kudharauliwa. Tangu Januari 2016 Serikali imeondoa ada na michango ya lazima katika shule zake za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondoa na ada ya kidato cha tano na cha sita. Mpango ulipoanza, ruzuku ya mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi ilikuwa Sh. 10,000/- kwa mwaka. Katika hizo Sh. 6,000/- zilipelekwa shuleni, na Sh. 4,000/- zilibaki kwa ajili ya vitabu vya kiada. Ukiigawa hiyo Sh. 6,000/- kwa miezi kumi ya masomo, unapata Sh. 600/- kwa mwezi kwa kila mtoto. Hapo mwalimu mkuu anunue chaki, achapishe mitihani, na atengeneze kitasa cha mlango kilichovunjika. Kitabu cha hadithi hakimo. Lenzi ya kumwonyesha mtoto mguu wa mdudu haimo. Mpira haumo, wala taa ya kujisomea usiku.

Hayo yasiyokuwamo ndiyo kazi ya Mfuko. Hatujengi madarasa, kwa maana hayo ni makubwa kuliko uwezo wetu na yana wenyewe. Wala hatumlazimishi mzazi kutoa hata senti moja mlangoni pa shule, jambo ambalo sasa limekatazwa. Fedha tunazotumia ni sehemu ya ziada ya Chama, ile iliyobaki baada ya mauzo, gharama na malipo ya mkulima. Na ziada hiyo ni mali yenu, ndiyo maana kura ni yenu.

Sasa tuseme tulivyoanza vibaya.

Katika mwaka wa kwanza tulinunua vitabu vya hadithi vya Kiswahili, tukavipanga katika masanduku ya mbao yenye kufuli, kila sanduku likazunguke shule moja baada ya nyingine. Moja lilivushwa kwa mashua hadi Msanga Mkuu, na vijana waliolibeba begani walicheka njia nzima, wakisema ni zito kama jeneza la tajiri. Baada ya mwaka tukaenda kukagua. Katika shule moja, ambayo hatutaitaja, tulipokewa kwa furaha, tukapelekwa ofisini, tukafunguliwa kabati. Na humo tukaliona sanduku letu, na ndani yake vitabu vyote kamili, safi, vikinuka wino wa kiwandani. Hapana mtoto aliyekwisha kugusa hata kimoja. Mwalimu alituambia kwa fahari kwamba alikuwa akivitunza visiharibike.

Hatukumlaumu sana. Mtu aliyezoea kupokea kitu mara moja katika miaka mitano hukitunza kama yai. Kosa lilikuwa letu, tulioleta sanduku bila kuleta desturi ya kulitumia. Tangu hapo kufuli zimeondolewa, na daftari la kuazima vitabu hushikwa na wanafunzi wenyewe wa darasa la sita. Vitabu sasa vinachakaa, vingine vimeliwa na mchwa, na vingine vimeloa mvua ya masika. Kwetu, kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto si hasara, ingawa Mhasibu bado hakubaliani nasi juu ya namna ya kuliandika jambo hilo katika hesabu.

Mtasema: haya, watoto wamesoma hadithi za sungura, mkulima amepata nini?

Tutawajibu kwa habari moja iliyotokea katika msimu wa korosho. Mama mmoja, mjane, alileta mzigo wake katika chama chake cha msingi, ukapimwa, akapewa stakabadhi. Akaikunja, akaifunga katika ncha ya kanga, akaenda zake. Jioni mtoto wake, msichana wa darasa la tano, aliyezoea kuazima vitabu katika sanduku letu, aliifungua akamsomea mama yake kwa sauti: kilo 68. Mama akasema hapana, mezani alisikia zikitajwa 86. Kesho yake wakarudi wote wawili. Kitabu cha mizani kilipofunguliwa kilionyesha 86; karani alikuwa amezigeuza tarakimu wakati wa kunakili. Huenda ilikuwa ni haraka ya foleni, na huenda ilikuwa jambo jingine. Halmashauri ya chama hicho ilimwondoa karani yule mezani, na stakabadhi ikasahihishwa. Tofauti ilikuwa kilo 18. Pigeni hesabu wenyewe kwa bei mliyopata mwaka ule.

Ndugu zetu, mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza katika mkoa wetu msimu wa 2007/2008 umesimama juu ya karatasi. Zamani ulinzi wa mkulima ulikuwa macho yake juu ya mizani. Sasa karatasi inatembea kutoka chama cha msingi hadi ghalani, kutoka ghalani hadi mnadani, na kutoka mnadani hadi benki. Asiyejua kusoma anaifuata kwa imani tu. Na yule mnunuzi wa kangomba anayepita vichochoroni usiku na kopo lake, humpenda kuliko wote mtu asiyejua kuzidisha.

Nasi si wa kwanza kufikiri hivi. Wale wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walioanza duka lao mwaka 1844, na ambao ushirika wa dunia nzima huwahesabu kuwa mababu zake, walifika katika miaka ya 1850 wakitenga mbili na nusu kwa kila mia ya ziada yao kwa ajili ya elimu, wakawa na maktaba na chumba cha kusomea magazeti juu ya duka. Hapa kwetu, KNCU ya Kilimanjaro, iliyoandikishwa mwaka 1933, ilitumia sehemu ya fedha za kahawa kwa masomo ya watoto wa wanachama wake. Yamkini mmewahi kujiuliza kwa nini wana wa kahawa walitangulia kujaa maofisini. Sababu ni nyingi, na misheni nazo zina sehemu yake, lakini hiyo nayo imo.

Karibu zaidi tunao mfano wa Mikindani. Lile Boma la Wajerumani la mwaka 1895, lililokuwa limeachwa kubomoka, lilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid, likafanywa hoteli, kwa nia kwamba mapato yake yasaidie watu wa Mikindani katika kazi na elimu. Baadaye shirika jingine la huko, EdUKaid, likajishughulisha na shule za Serikali za mkoa huu, hasa madarasa ya watoto wadogo. Tumejifunza kwao mambo mawili. La kwanza ni kwamba mfuko wenye chemchemi yake hudumu kuliko mfuko wa kuomba. La pili ni kwamba hata chemchemi hukauka: hoteli hutegemea wageni, na mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona, dunia nzima iliona wageni wakikatika.

Tena mkumbuke mradi wa Tusome Pamoja, uliogharimiwa na Marekani tangu 2016 hadi 2021, ukafundisha walimu wa Mtwara namna ya kuwafundisha watoto wa madarasa ya mwanzo kusoma na kuelewa wanachokisoma. Kazi ilikuwa njema. Wengi wa walimu tunaoshirikiana nao walipita katika mafunzo hayo. Lakini mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na miradi mingi katika nchi nyingi ikasimama kabla ya kufika mwisho. Hatusemi haya kwa kulaumu. Mwenye mali amekunja mkono wake. Ila mtoto wa darasa la pili huko Mahurunga hakuulizwa.

Hapa ndipo inapotupasa kukiri kosa letu kubwa zaidi, kwa maana na sisi tulikwisha kuukunja mkono.

Msimu wa 2018/2019 mnaukumbuka nyote. Bei za mnadani zilikataliwa, Serikali ikatangaza mwezi Novemba kwamba itanunua korosho yote kwa Sh. 3,300/- kwa kilo, jeshi likaja kuibeba, na wengi wetu tukangoja malipo miezi mingi. Mwaka ule ziada haikuwapo. Nasi katika miaka iliyotangulia tulikuwa tumetumia kila senti ya Mfuko mwaka ule ule ilipoingia, tukiona fahari kusema kwamba hakuna fedha iliyolala. Basi ulipokuja mwaka wa njaa, Mfuko ulikuwa mtupu. Katika shule moja ya sekondari tulikuwa tumeahidi vifaa kwa klabu ya sayansi. Vijana wale walikuwa wametayarisha uchunguzi juu ya ugonjwa wa ubwiriunga katika mikorosho ya wazazi wao, wakitaraji kuupeleka Dar es Salaam kwenye maonyesho ya Wanasayansi Chipukizi, ambayo mpango wake ulianzishwa mwaka 2011, na ambayo washindi wake hufadhiliwa na Taasisi ya Karimjee Jivanjee kusoma chuo kikuu. Hatukupeleka vifaa. Kibaya zaidi, hatukupeleka hata barua. Mwalimu wao alikuja ofisini kwetu mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa kwamba Katibu yuko safarini. Mara ya pili Katibu hakuwa safarini.

Tumeona vema jambo hili liandikwe katika kitabu hiki cha sherehe, pamoja na picha za magari na ghala jipya.

Kwa hiyo Bodi inaleta kwenu mapendekezo yafuatayo, nanyi mna uhuru wa kuyageuza. Mfuko usikatwe katika kilo ya korosho hata kidogo, bali utoke katika ziada baada ya hesabu kukaguliwa. Mwaka usio na ziada, usiingizwe kitu. Kwa sababu hiyo, nusu ya kila kinachoingia iwekwe akiba isiyoguswa, hata akiba itoshe kuzihudumia shule zilizomo kwa mwaka mmoja mzima wa ukame. Ahadi yo yote itolewe kwa maandishi na kwa fedha iliyokwisha kuwamo benki. Kamati ya Mfuko iwe na wanachama watatu, walimu wawili na mzazi mmoja asiye mwanachama, na mjumbe wa Bodi asiwe na kura pale shule ya kijijini kwake inapozungumzwa. Sharti hili la mwisho limenung’unikiwa na baadhi ya wakubwa wetu, nasi twaelewa sababu.

Limekuja na pendekezo kwamba jina la Chama lipakwe rangi kubwa juu ya kila sanduku la vitabu. Sisi hatuna ugomvi nalo, ila rangi inunuliwe kwa fungu lingine.

Jambo moja bado linatusumbua, na hatuna dawa yake. Wakati wa kuokota korosho, tangu Oktoba hadi mwisho wa mwaka, viti vya madarasani huwa vitupu. Tunaweka vitabu shuleni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili tunawaita watoto wale wale shambani kuokota. Kila mmoja wetu humu amefanya hivyo, hata mwandishi wa hotuba hii na nduguze walifanywa hivyo na wazazi wao, nao hawakuwa wazazi wabaya, mvua haingoji. Walimu wawili wa Madimba wametuomba tujaribu kuwa na saa ya kusoma jioni katika miezi hiyo, kwa taa za jua, karibu na ghala la chama cha msingi, mahali ambapo watoto huja na wazazi wao kupima. Tungependa kujaribu mahali pawili msimu ujao, kura yenu ikiruhusu.

Daftari la Mfuko, tangu mwaka wa kwanza hadi leo, liko juu ya meza ya Mhasibu karibu na mlango, na litakuwa wazi hadi saa kumi. Stakabadhi zimebandikwa ndani, pamoja na barua ya yule mwalimu wa sayansi, aliyekubali tuionyeshe. Asiyeweza kuisoma amwombe ye yote katika vijana wa darasa la sita walioketi pale nyuma; wamekuja kwa kazi hiyo.

Bwana Mwenyekiti, tumekwisha.