Kabla ya Kumpokea Mbwa Aliyeachwa

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika, Majengo, Songea)



Nimeombwa nizungumzie ulinzi wa maghala yetu ya mahindi. Baadhi ya kamati zimependekeza tupate mbwa wakubwa, na tayari yupo mtu anayehama aliyejitolea kutuachia mbwa wake bila malipo. Pendekezo ni zuri. Lakini kabla hatujalipitisha, naomba niwaeleze jambo lililonipata mimi mwenyewe, kwa sababu nililifanya vibaya.

Miaka mitano iliyopita familia moja iliyomaliza mkataba wake hapa mjini iliniachia mbwa aina ya German Shepherd, dume wa miaka minne, uzito wake karibu kilo 40. Jina lake Simba. Nilifurahi sana. Niliambiwa mbwa wa aina hiyo ni hodari na mwaminifu, nami nikadhani uaminifu huo unahama pamoja na mbwa, kama kiti au kabati.

Wiki ya kwanza Simba hakula vizuri. Kila jioni alilala akitazama barabarani, akiwasubiri watu wake. Mimi nikasema ana kiburi. Nikamfunga mnyororo mfupi chini ya mwembe, mchana na usiku, ili awe mkali. Kadi yake ya chanjo niliiweka kwenye saraka, sikuifungua tena.

Siku moja mnyororo ukakatika. Mtoto wa jirani, wa miaka kumi, alikuwa ameingia uani kufuata mpira wake. Simba alimwuma mkono. Mama yake aliliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, tukakimbilia hospitali. Jioni nilipofungua saraka niliona kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa imepitwa na wakati kwa miezi mitano.

Ndugu zangu, afisa mifugo alisema mbwa afungiwe na kuangaliwa kwa siku kumi. Mbwa mwenye virusi vya kichaa kwenye mate yake huonyesha dalili au kufa ndani ya siku hizo. Simba alibaki mzima. Lakini kwa siku kumi nilikuwa nikiamka alfajiri kwenda kumtazama kama amekunywa maji. Mtoto alichomwa sindano zake zote kwa tarehe alizopangiwa. Nililipa gharama na nauli, ila siku ambazo mama yule hakwenda sokoni sikuweza kumrudishia.

Nilimwambia nitamuua mbwa. Akanijibu, "Jirani, mimi sina ugomvi na mbwa. Mbwa hajui tarehe ya chanjo. Wewe unajua kusoma."

Neno hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Sasa tujifunze nini?

Kwanza, kuhusu kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani limekadiria vifo 59,000 kila mwaka duniani, na karibu vyote hutokana na kuumwa na mbwa. Wengi wa wanaokufa wako Afrika na Asia, na watoto ni sehemu kubwa yao. Hata hivyo unazuilika. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa katika eneo, ugonjwa hukatika. Wenzetu wa Pemba waliutokomeza kwa kuchanja mbwa. Ulipoingizwa tena mwaka 2016 walichanja upya na kuushinda. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Naomba kila usharika uitumie siku hiyo kukagua kadi za mbwa wote wa wakristo wake. Na mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anajulikana.

Pili, kuhusu mbwa mwenyewe. Makao ya kutunza wanyama yanayoendeshwa vizuri, kama yaliyoko Arusha na Nairobi, hayampi mtu mbwa kwa kuwa ameomba tu. Huuliza: Una uzio? Una watoto wadogo? Ukisafiri nani atamlisha? Hapa Songea mbwa aliyeachwa hatumpati kwenye makao. Tunampata kwa jirani anayehama. Basi maswali hayo hakuna wa kutuuliza, inatupasa kujiuliza wenyewe.

Mbwa mkubwa aliyekwisha kuwa na nyumba anahitaji wiki kadhaa, pengine miezi, kuzoea watu wapya. Achaguliwe mtu mmoja wa kumlisha, kwa saa ileile, na kumwita kwa jina lake la zamani. Mwenye mbwa aulizwe kwa uwazi: amewahi kuuma? Anaogopa nini? Amezoea watoto, kuku na mbuzi? Na kumfunga mnyororo mchana kutwa hakumfanyi mlinzi. Humfanya mwoga na mwenye hasira, naye huuma yeyote, akiwemo mtoto. Mlinzi mzuri hufunguliwa usiku ndani ya uzio, na mchana hupumzika kwenye banda lenye kivuli na maji.

Tatu, kuhusu gharama. Mbwa wa bure hayupo. Simba anakula ugali wa dona na dagaa kila siku, kiasi cha mtu mzima mwenye njaa. Kuna chanjo, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, na kuhasiwa ili tusizalishe mbwa wengine wa kuachwa. Aidha, mkoa wetu una maeneo yenye mbung'o, na mbwa wa asili ya Ulaya huugua sana nagana. Mkiona mbwa anakonda, ana homa na macho yameingia ukungu, msingoje. Mwiteni daktari wa mifugo. Mbwa mkubwa huishi miaka kumi au zaidi kidogo, wakati kamati yetu hubadilika kabla ya hapo. Kwa hiyo matunzo yaandikwe kwenye bajeti, yasiachwe kwenye huruma ya mlinzi.

Wafadhili wetu watauliza kwa nini fedha za mradi wa chakula ziende kwa mbwa. Jibu langu ni kwamba kama tunamtumia kulinda chakula, matunzo yake ni sehemu ya gharama ya ghala, kama kufuli na bati. Kama hatuwezi kuilipa, tuajiri mlinzi na tununue taa, tusimchukue mbwa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyomjali mnyama wake.

Napendekeza basi kwamba usharika wowote usimpokee mbwa kabla ya kuwa na vitu vinne: uzio uliokamilika, kadi ya chanjo iliyo hai, jina la mtu wa kumtunza, na fungu kwenye bajeti ya mwaka. Kikikosekana kimoja, tuseme hapana, kwa upendo.

Simba bado yupo kwangu. Amezeeka, usiku hulala akiziba mlango, na nikichelewa safarini hulala akitazama barabarani. Sasa ananisubiri mimi. Mtoto yule yuko kidato cha pili. Kovu lake linaonekana, na akipita kwangu huvuka ng'ambo ya barabara. Simlaumu. Kila nimwonapo nakumbuka ile kadi kwenye saraka.